Kwa nini meli haifyatui? Tathmini ya Command: Modern Operations upande wa ulinzi wa makombora

Lalamiko linalorudiwa zaidi kuhusu mchezo huu wa kompyuta wa vita vya baharini na angani ni moja. Makombora ya adui yanaingia, yanaonekana waziwazi kwenye ramani, meli ina silaha tele, na haifyatui. Inazama na silaha zake tumboni. Mchezaji anafunga laptopu kwa hasira na kutangaza kwamba mchezo una hitilafu. Mara nyingi hauna. Meli ilizuiwa na sharti fulani, na lawama halisi ya mchezo ni kwamba hausemi ni sharti gani. Lazima ulitafute mwenyewe katika madirisha manne tofauti.

Kwa asiyeujua: Command: Modern Operations ulitoka Novemba 2019, ukifuata ule wa kwanza wa 2013. Umetengenezwa na WarfareSims na kuchapishwa na Matrix Games na Slitherine. Unaendeshwa kwenye Windows tu. Hakuna meli za kupendeza macho. Kuna ramani ya dunia nzima, alama, mistari na namba. Nyuma ya alama hizo kuna hifadhidata mbili: CWDB ya miaka ya 1946 hadi 1979, na DB3000 ya kuanzia 1980. Kila rada, kila mzinga na kila kombora lina ukurasa wake. Uzuri wa mchezo uko humo, na majibu ya malalamiko mengi yako humo pia.

Alama zetu tuzitaje mapema ili asomaye ajue tunasimama wapi: injini inastahili tisa kwa kumi; namna inavyomweleza mchezaji kilichotokea, nne.

Anza na kuona

Kabla ya kuuliza kwa nini meli haikufyatua, uliza kama ililiona kombora. Watu wengi huliruka swali hili kwa sababu wao wenyewe wameliona kwenye ramani. Lakini kilicho kwenye ramani ni mjumuiko wa kila kinachoonwa na upande wako wote. Ndege ya upelelezi ikiliona kombora kilomita 150 kutoka melini, alama inatokea, nawe unadhani meli nayo imeliona. Meli haijaona kitu.

Rada haipenyi mviringo wa dunia. Kanuni ya kukadiria upeo wake ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, jumlisha kipeuo cha pili cha urefu wa shabaha, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Antena ikiwa mita 16 juu ya maji na kombora likiruka mita 4 juu ya mawimbi, ni 4 ongeza 2, mara 4.12: kilomita 24.7. Kwenye mchezo utaona maili za baharini, yaani 13.3. Rada iwe na uwezo wa kuona kilomita 300 au 500, kwa kombora linalolamba maji jibu ni hilohilo.

Mfano wa nyumbani unaeleweka haraka zaidi. Fungua mhariri wa senario, weka meli nje ya mlango wa bandari ya Kilindini, Mombasa, kisha weka rada ya nchi kavu juu ya Shimba Hills, ambako sehemu za juu zinapita mita 400. Kipeuo cha pili cha 400 ni 20. Ongeza 2 za kombora, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita 90 na ushei. Toa kama kilomita 20 za kutoka mlimani hadi ufukwe wa Tiwi au Diani, na bado unatazama kilomita 70 ndani ya bahari. Meli ilikuwa na chini ya 25. Hesabu hii pekee inaeleza kwa nini wanaojua mchezo hutafuta kilima au ndege kabla ya kuongeza kombora hata moja.

Hata hivyo, na hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa, rada ya Shimba Hills hairefushi mkono wa meli. Kombora la kutungulia kama SM-2 huongozwa hatua ya mwisho na rada ya kumulika iliyo kwenye meli iliyolirusha. Rada hiyo nayo haipenyi mviringo wa dunia. Kwa hiyo utatazama makombora ya adui yakisafiri kilomita 45 nzima, meli imekaa kimya, mpaka yafike karibu kilomita 25 ndipo ianze. Huo si uzembe wa injini, ni fizikia. SM-6, yenye rada yake puani, ni habari nyingine, mradi meli inayoirusha iweze kupokea taarifa za shabaha kutoka kwa mwenzake, jambo ambalo si kila meli kwenye hifadhidata inalo.

Tahadharisho moja zaidi kuhusu kuona. Senario nyingi huanza na rada zimezimwa, ili adui asikusikie. Bonyeza F9 uone kila kihisio kimewashwa au la. Kisha fungua dirisha la "Doctrine", yaani doktrini au kanuni za kupigana za kikosi, kwa Ctrl+F9. Kuna kipengele kinachoruhusu kikosi kupuuza ukimya wa rada kikishambuliwa. Kikiwa kimezuiwa, meli itakufa kiaskari kabisa, rada zimezimwa kama ulivyoamuru. Kikiwa kimeruhusiwa, rada huwashwa, lakini baada ya shambulio kutambuliwa, na sekunde hizo utazilipia baadaye.

Sekunde za kufikiri

Kila kikosi kina muda wake wa kutambua, kulenga na kukwepa. Utaukuta kwenye ukurasa wa kikosi katika "Database Viewer", umeandikwa kwa sekunde chini ya OODA. Meli za zamani zina muda mrefu. Juu ya hapo, mwandishi wa senario huweka kiwango cha ujuzi wa mabaharia, kuanzia "Novice", kupitia "Cadet", "Regular" na "Veteran", hadi "Ace", na ujuzi mdogo hurefusha muda.

Tupige hesabu mezani, bila mchezo. Kombora la mwendo wa mita 300 kwa sekunde likionekana kilomita 24.7, lina sekunde 82 za kufika. Meli inayotumia sekunde 15 kujibu itarusha likiwa kilomita 20. Kombora lake la kutungulia likienda wastani wa mita 850 kwa sekunde, yanakutana kama kilomita 15 kutoka melini. Likikosa, sekunde 3 za kutathmini, rusha tena: kilomita 10. Tena: kilomita 7. Tena: kilomita nne na nusu. Una nafasi nne kabla ya mizinga ya karibu.

Sasa badilisha kombora la adui liwe la mita 850 kwa sekunde, likiruka mita 10 juu ya maji. Upeo unapanda kidogo hadi kilomita 29.5, lakini lote ni sekunde 35 tu. Meli ya sekunde 15 inapata nafasi mbili. Meli ya sekunde 40 haipati hata moja: kombora linafika kabla mabaharia hawajamaliza kuamua. Mchezaji anaona meli yenye makombora 60 ikipigwa bila kurusha hata moja, na ukimwambia kwamba injini imefanya sawasawa anakuona mwendawazimu. Injini imefanya sawasawa. Kosa ni la muundo wa skrini. Maandishi mafupi tu, "bado inalenga, sekunde 12", yangeokoa hasira nyingi, na miaka yote hii baada ya mchezo kutoka bado mchezaji anayatafuta maelezo hayo kwa tochi.

Ruhusa: WRA na kurithishana kwa doktrini

Ikiwa meli imeliona kombora na ina muda, basi tatizo kwa kawaida ni ruhusa. Hapa pana utajiri, na pana mashimo.

Kwanza hali ya silaha. Kuna "Free", "Tight" na "Hold", na kila aina ya shabaha ina yake; kombora linaloingia huhesabiwa upande wa anga. "Free" hufyatulia chochote kisichotambuliwa kuwa rafiki. "Tight" husubiri kitambuliwe kuwa adui. "Hold" haifyatui yenyewe, inakungoja wewe. Anayejitengenezea senario hukwama hapa zaidi kwa sababu ya jambo dogo: ameunda pande mbili, akaziwekea meli na ndege, akasahau kuweka uhusiano wa pande hizo kuwa wa uadui. Kwa "Tight", kombora la upande usio adui halitunguliwi. Tena uhusiano huwekwa mara mbili, kutoka A kwenda B na kutoka B kwenda A. Ukiweka mmoja tu, upande mmoja unapiga na mwingine unatazama, na utaapa kwamba ulinzi umeharibika.

Pili, kichupo cha "WRA" (Weapon Release Authorization), yaani ruhusa ya kufyatua silaha. Hapa ndipo unapoamua, kwa kila silaha dhidi ya kila aina ya shabaha, idadi ya makombora kwa mkupuo, idadi ya warushaji, umbali wa kufyatua wenyewe, na umbali wa kujilinda. Aina za shabaha zimegawanywa kwa undani: kombora la kawaida lina mstari wake, lile la kasi kuliko sauti linalolamba maji lina wake, la balistiki, linalopanda juu sana kisha kuanguka, lina wake. Mchezaji hubadilisha mstari mmoja, tuseme ule wa ndege, akitaka kuokoa makombora, kisha anashangaa kwamba mstari wa chini bado una namba ya zamani. Kinyume chake pia hutokea: mwandishi wa senario amezuia silaha fulani isipige makombora ili isiishe mapema, nawe hujui.

Umbali wa kufyatua ndio wa kuangalia kwa makini kuliko vyote. Ukiwa umewekwa maili 5, meli yako haitarusha kitu mpaka kombora liwe maili 5, hata kama silaha inafika 90. Kwa hesabu ya hapo juu, umetupa nafasi mbili kati ya nne. Umbali wa kujilinda ni kitu kingine: ni mpaka ambao ndani yake kikosi huruhusiwa kujitetea kwa silaha hiyo hata kama mistari mingine imeizuia. Ukiuweka sifuri kwa silaha uliyoizuia, umeifunga kabisa.

Tatu, na hili ndilo linalowaua hata wazoefu: doktrini hurithiwa. Upande una yake, misheni ina yake, kundi lina lake, meli moja ina yake. Ya chini hushinda ya juu. Ukibadilisha doktrini ya upande mzima, meli ambayo mwandishi aliiwekea amri yake binafsi haitasikia. Utaketi ukitazama dirisha la upande lililoandikwa "Free" huku meli ikiwa "Tight". Njia ni kuchagua meli yenyewe, Ctrl+F9, na kusoma kila mstari: ule unaosema umerithiwa, na ule uliowekwa papo hapo. Vipo vitufe vya kufuta amri za chini ili kila kitu kirithi upya. Vitumie, lakini hifadhi mchezo kwanza, kwa sababu vinafuta pia amri ulizoziweka kwa makusudi. Na mwandishi akiwa amefunga mstari usihaririwe na mchezaji, umefungwa. Utaupita kwa kuifungua senario ndani ya mhariri.

Majaribio ya haraka ya kutenganisha ruhusa na uwezo ni Shift+F1. Chagua meli, bonyeza, elekeza kwa kombora, na utazame orodha ya silaha. Silaha isiyoweza kufyatuliwa huandikwa sababu yake hapo: shabaha iko nje ya masafa, iko chini mno, hakuna rada ya kumulika, na kadhalika. Ikiwa kwa mkono inakubali na yenyewe haifyatui, tatizo ni doktrini. Ikiwa hata kwa mkono inakataa, acha doktrini, nenda kwenye vifaa. Dirisha hili ndilo bora kuliko yote mchezoni, na inasikitisha kwamba maelezo yake hayaandikwi kwenye kumbukumbu ya matukio meli inapoamua yenyewe.

Vifaa: nani ana uwezo wa nini

Fungua ukurasa wa silaha na usome shabaha halali. Makombora mengi ya kutungulia ya zamani yameandikwa ndege na helikopta, basi. Hayatapiga kombora, hata ukiyasihi. Soma pia urefu wa chini wa shabaha: silaha isiyoweza kushuka chini ya mita 50 haina kazi dhidi ya kinacholamba maji. Kwa balistiki mambo hugeuka. SM-3 hukutana na shabaha nje ya angahewa, kwa hiyo kombora la masafa mafupi lisilopanda kufikia huko halitaguswa nayo, na meli itabaki kutegemea SM-6 kama inazo. Kuijaza meli SM-3 peke yake dhidi ya makombora mafupi ni kuilaza njaa.

Halafu kuna rada za kumulika. Kati ya manowari za Marekani, aina ya Arleigh Burke ina rada za SPG-62 tatu, Ticonderoga ina nne. Silaha zinazohitaji kumulikwa hushirikiana rada hizo kwa zamu, kila kombora likihitaji mwanga sekunde za mwisho tu. Ni sawa na feri ya Likoni: foleni inaweza kufika barabara kuu, lakini kinachovuka ni kile kilichopata nafasi ubaoni. Makombora manne yakifika pamoja kutoka upande mmoja, meli ya rada tatu itaonekana kusita. Haisiti, inangoja mwanga uwe huru. Tena rada hizo zina pembe: SPG-62 mbili za nyuma za Burke haziwezi kumulika kilicho mbele kabisa ya meli. Kuigeuza meli ili shambulio lije ubavuni mara nyingi kunasaidia kuliko kuongeza kombora.

Nchi kavu kuna kosa jirani yake. Rada ya Patriot, mfumo wa nchi kavu wa kutungulia ndege na makombora, haizunguki. Inatazama upande mmoja. Ukiiweka Nyali ikielekea Mariakani, makombora kutoka baharini yatapita mgongoni. Geuza mwelekeo wa kikosi kwenye mhariri kabla hujaanza, kwa sababu vita vikianza utakuwa unahamisha malori.

Mizinga ya karibu watu huitegemea kupita kiasi. Phalanx hupiga risasi 4,500 kwa dakika na magazini yake ina 1,550: sekunde 20 na kidogo za moto mfululizo, kisha kupakia. Masafa yake ni kama kilomita moja na nusu. Kombora la mita 300 kwa sekunde hukaa humo sekunde 5. Lile la 850 halifiki sekunde 2. Angalia pia kama mwandishi amewasha kipengele cha udhibiti wa kina wa mizinga katika sifa za senario. Kikiwa kimewashwa, mzinga bila rada yake ya kuelekeza, au ambayo rada hiyo imeharibiwa, ni chuma tu. Meli za jeshi la majini la Kenya kama KNS Nyayo na KNS Umoja za miaka ya mwisho ya 1980, zilizokuja na makombora ya Otomat ya kushambulia meli na mizinga ya milimita 76 na 40, zisizo na kombora la kutungulia, ni darasa zuri la kuona tofauti ya kipengele hiki.

Silaha zilizo tayari na zilizo ghalani si kitu kimoja. Kitufe cha "Weapons" huonyesha zilizo tayari kwenye kirushio. "Magazines" huonyesha ghala. Seli za kurushia wima kwa kawaida hazipakiwi upya katikati ya bahari.

Bahati, na namna ya kuipima

Ukishafika hapa na kila kitu kiko sawa, kilichobaki ni kete. Katika mipangilio ya kumbukumbu ya matukio, washa hesabu za mwisho za silaha. Kila kombora likikutana na shabaha utasoma uwezekano wa msingi, makato ya kasi, ya wepesi wa shabaha, ya kuruka chini, na mwisho namba iliyotupwa. Soma makato. Kombora la asilimia 80 kwenye ukurasa linaweza kuingia vitani na pungufu kubwa.

Tuseme umebaki na asilimia 70. Mawili kwa shabaha moja hukupa asilimia 91, na mchezaji anaona hapo amesalimika. Lakini makombora manane yakija, kila moja na asilimia 91 yake, uwezekano wa kuyazuia yote ni asilimia 47. Yaani zaidi ya nusu ya mara, angalau moja linapita. Kwa hiyo meli ikipigwa mara moja usibadilishe kitu. Pakia hifadhi, rudia, rudia tena, ndipo uamue.

Benchi la majaribio lijengwe hivi. Fungua mhariri, unda pande mbili, weka uadui pande zote mbili. Meli moja kilomita 60 mashariki ya Kilindini, mabaharia "Regular", rada zimewashwa, hali ya silaha "Free". Ndege moja ya adui yenye makombora ya kawaida ya kasi chini ya sauti. Hifadhi. Hamia upande wa adui, rusha moja kwa Shift+F1, rudi upande wako, utazame. Kisha mawili, manne, manane. Badilisha kitu kimoja kila duru: WRA, kisha mwelekeo wa meli, kisha ujuzi. Mhariri una mwonekano wa kuona kila kitu. Uwashe ili ulinganishe kombora lilipo kweli na mahali meli ilipoanza kuliona. Na usipime kwa mwendo wa kasi kabisa wenye alama za moto, kwa sababu huko injini huruka kwa hatua kubwa, na ulinzi wa makombora unaamuliwa ndani ya sekunde moja moja.

Kununua na kuuendesha hapa Mombasa

Bei ya kawaida kwenye Steam ni karibu dola 80, na punguzo huja mara kadhaa kwa mwaka. Hakuna sababu ya kulipa bei kamili ukiweza kungoja. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay hufanya kazi ya Visa, mradi salio litoshe na gharama ya kubadilisha shilingi. Ukishapakuliwa, mchezo wa mtu mmoja hauhitaji intaneti, jambo la maana kwa anayetumia bando.

Mashine si lazima iwe ya bei kali. Mchezo huu unakula prosesa na kumbukumbu kuliko kadi ya picha, kwa hiyo deskitopu ya mtumba kutoka Uingereza yenye prosesa nzuri na diski ya SSD itauendesha vizuri kuliko laptopu nyembamba ya bei mara mbili. Deskitopu ina faida nyingine: joto la kaskazi. Senario kubwa huishughulisha prosesa saa nzima mfululizo, na laptopu iliyojaa vumbi na chumvi ya bahari hupunguza kasi yake ili isiungue. Utadhani mchezo umeganda. Safisha feni. Nunua UPS ndogo pia. Stima ikikatika katikati ya shambulio, hifadhi ya kiotomatiki itakurudisha nyuma, na kwa majaribio ya ulinzi unataka hifadhi ya sekunde chache kabla, ya mkono, yenye jina linaloeleweka.

Anayetaka kuona moshi na povu atafurahia zaidi Sea Power, iliyofunguliwa kwa majaribio Novemba 2024, ingawa haina kina hiki cha WRA na inataka kadi ya picha. DCS World ni ya rubani na haimfai anayepanga ulinzi wa bandari nzima.

Ikiwa umepita hatua zote na bado meli inakataa, huenda umekuta hitilafu ya kweli. Zipo, na watengenezaji huzitengeneza. Wapelekee hifadhi iliyokatwa sekunde 30 hadi 60 kabla ya tukio, toleo la mchezo na la hifadhidata, jina la meli, jina la silaha, na sentensi moja ya kile ulichotarajia. Usipeleke hifadhi ya saa tatu kabla na kuwaambia wangoje. Punguza senario kwanza: futa kila kikosi kisichohusika, uhakikishe tatizo bado lipo. Mara nyingine linatoweka meli ya jirani inapofutwa, na hapo umeshajua pa kutazama.